Staa wa Mjini Aliyepewa Dili la "Dawa ya Kumbukumbu" Huku Mama Yake Mzazi Akimsahau

Mjini hakuna kitu kisicho na promo. Kuna chai ya kukata tumbo, mafuta ya kukuza nywele, sabuni ya kung'arisha ngozi, na siku hizi kuna vidonge vya kurudisha kumbukumbu za wazazi. Ukiingia Instagram usiku, kabla usingizi haujakuchukua umeshapita matangazo mawili matatu ya aina hiyo: mzee anatabasamu, chupa iko mezani, namba ya WhatsApp iko chini na maneno "mikoani tunatuma". Anayetangaza mara nyingi ni mtu unayempenda na kumwamini, na ndiyo maana akalipwa.

Stori hii ni ya mmoja wao. Jina lake kapuni, ila ni dada wa Dar mwenye wafuasi wa kutosha, anayejulikana kwa mambo ya urembo na kushehereshea harusi za watu wenye nazo. Mama yake ni fundi cherehani wa zamani wa Magomeni. Gauni la kwanza ambalo huyu dada alipanda nalo jukwaani akiwa hajulikani na yeyote, mama ndiye aliyelishona usiku mmoja, taa ya chemli pembeni kwa sababu umeme ulikatika.

Ugonjwa wa mama ulianza kimya kimya. Akawa anauliza swali moja mara tano ndani ya saa moja. Akaweka chumvi kwenye chai ya wageni. Akashona suruali ya jirani, mguu mmoja mrefu kuliko mwingine, halafu akakasirika alipoonyeshwa. Siku moja alitoka kwenda kununua uzi duka la mtaa wa pili, akaonekana Kariakoo jioni, viatu mkononi, hajui nyumbani ni wapi. Majirani walisema uzee. Shangazi mtu akasema kuna mkono wa mtu. Staa wetu akamhamishia mama nyumbani kwake Mbezi, akatafuta binti wa kumsaidia, na maisha yakaendelea: asubuhi anamwogesha mama, jioni anapaka poda na kwenda kushika maiki.

Dili lilikuja wakati mkwanja umekata. Wauzaji fulani wa vidonge vya kumbukumbu walimfuata meneja wake: klipu tatu, milioni nane, nusu inatangulia. Klipu ya tatu ndiyo ilikuwa na uzito, kwa sababu walijua habari za mama. Walitaka ushuhuda. Mama akae kwenye kochi, binti amshike mkono, aseme hali ilivyokuwa kabla na ilivyo sasa. Wakampa chupa nne za bure ili mama aanze kutumia. Kwenye lebo kiambato kikuu kilikuwa majani ya mti unaoitwa ginkgo.

Yule dada hakuwa tapeli. Aliamini. Nusu ya hela ikaingia, ikalipa kodi ya nyumba, na mama akaanzishiwa vidonge asubuhi na jioni. Ndani ya wiki chache akaona mabadiliko. Jumamosi moja mama alimwita kwa jina lake la utotoni, lile la nyumbani tu. Siku mbili baadaye akachukua sindano na kukunga pindo la kitenge vizuri kabisa. Staa akamtumia meneja ujumbe wa sauti huku akilia: "Zinafanya kazi jamani, wala sidanganyi. Mama yangu anarudi." Siku ya kurekodi ikapangwa.

Usiku wa kuamkia siku hiyo, binti wa kazi alimfuata jikoni akiwa amekunja mikono kifuani.

"Dada, samahani, naomba usinikasirikie. Bibi zile dawa hanywi."

"Hanywi vipi?"

"Anazitema. Nikaona nisimlazimishe, anaumia koo. Wiki ya tatu sasa hii. Ziko kabatini, nimeziweka zote kwenye kikopo."

Kikopo kikaletwa. Vidonge vilikuwemo, vingine vimelowa na kukauka. Ile Jumamosi ya jina la utotoni, mama hakuwa amemeza hata kimoja. Siku ya pindo la kitenge, vilevile.

Kurekodi kukaahirishwa kwa kisingizio cha mafua. Wiki hiyohiyo staa alimpeleka mama kliniki kwa daktari bingwa, mama mtu mzima asiye na papara, na baada ya shikamoo akamweleza kila kitu, mpaka habari ya dili. Daktari hakumcheka. Alimwambia kwamba yaliyotokea nyumbani kwake ndiyo sababu dawa hupimwa kwa watu wengi na kwa masharti magumu.

Ugonjwa wa kusahau, alieleza, hauendi kwa mstari ulionyooka. Una siku mbaya na siku nzuri. Mgonjwa akilala vizuri, akinywa maji ya kutosha, akiondokewa na maambukizi ya njia ya mkojo, anaweza kuchangamka hata wiki nzima. Na familia humwanzishia mgonjwa dawa mpya wakati hali imekuwa mbaya kweli, kwa hiyo kinachofuata mara nyingi ni nafuu kidogo, dawa iwepo isiwepo. Anayempenda mgonjwa huiona nafuu hiyo kabla ya mtu mwingine yeyote, akaikabidhi sifa chupa iliyopo mezani.

Ndiyo maana katika majaribio ya dawa wagonjwa hugawanywa makundi mawili kwa bahati nasibu. Kundi moja linapewa dawa, la pili linapewa kidonge cha rangi ileile na umbo lilelile kisicho na dawa ndani. Mgonjwa hajui amepewa kipi. Mlezi wake hajui. Hata daktari anayemuuliza maswali ya kumbukumbu hajui, mpaka siku hesabu zinafunguliwa. "Nyumbani kwako, mwanangu," daktari alimwambia, "aliyekuwa anajua ni yule binti peke yake. Wewe ulikuwa kwenye jaribio bila kujua."

Na hiyo ginkgo ilishajaribiwa. Marekani ulifanyika utafiti mkubwa, matokeo yakachapishwa mwaka 2008. Watu 3,069 wenye umri wa miaka 75 na kuendelea, ambao walikuwa bado hawajapata ugonjwa huu, walifuatiliwa kwa takriban miaka 6. Nusu walipewa ginkgo miligramu 120 mara mbili kwa siku, nusu kidonge kitupu. Hesabu zilipofunguliwa, waliougua upande wa kidonge kitupu walikuwa 246. Upande wa ginkgo walikuwa 277. Haikuzuia kitu. Mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliziandikia barua kampuni 17 zilizokuwa zikiuza bidhaa kwa madai ya kutibu Alzheimer na magonjwa mengine makubwa bila ushahidi, nyingi zikiwa virutubisho. Kumbe promo hizi si za Bongo peke yake.

Hapo staa alimtolea daktari karata ya pili. Kaka yake yuko Minnesota, anafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee. Kila siku anawalisha na kuwabadilisha nguo wazazi wa watu wengine, akitoka zamu anampigia mdogo wake. Yeye hana habari na vidonge vya Instagram. Msimamo wake ni mmoja: "Huku dawa ya kweli ipo. Tuuze kile kiwanja cha Bagamoyo, mama aje."

Dawa anayoisema kaka ipo kweli. Inaitwa lecanemab, na FDA iliipa kibali kamili Julai 2023. Mwaka uliofuata ikafuatiwa na nyingine, donanemab. Zote ni dripu za kingamwili zinazosafisha ubongoni protini iitwayo amiloidi, ile ambayo daktari Mjerumani Alois Alzheimer aliuona uchafu wake kwenye ubongo wa mgonjwa aliyefariki mwaka 1906. Karne nzima imepita kati ya kuuona uchafu ule na kupata dawa ya kuuondoa.

Ila daktari alichukua karatasi akachora mistari miwili inayoteremka. Lecanemab ilijaribiwa kwa watu 1,795 kwa miezi 18. Walipimwa kwa kipimo chenye pointi 18, pointi zikipanda hali imezidi kuwa mbaya. Waliopewa kitu kitupu walipanda pointi 1.66. Waliopewa dawa walipanda pointi 1.21. Hapo ndipo kichwa cha habari cha "inapunguza kasi kwa asilimia 27" kilipotoka, na ni kweli. Lakini makundi yote mawili yalizidi kuumwa. Dawa haikumrudisha mtu alikotoka. Ilichofanya ni kupunguza mwendo wa kushuka, na tofauti yenyewe ni chini ya nusu pointi.

Kuna na masharti. Waliojaribiwa walikuwa hatua za mwanzo kabisa, watu ambao bado wanajipikia na kujilipia bili. Kwenye jaribio ilibidi kwanza ithibitike kwa picha maalumu ya ubongo au kwa kupima maji ya uti wa mgongo kwamba amiloidi ipo. Dripu ilikuwa kila baada ya wiki mbili, na picha za MRI hurudiwa kwa sababu ubongo unaweza kuvimba au kuvuja damu. Kwenye jaribio lile, uvimbe ulionekana kwa asilimia 12.6 ya waliopewa dawa. Bei iliyotangazwa Marekani ilikuwa dola 26,500 kwa mwaka, zaidi ya shilingi milioni 60 kwa dawa peke yake. Na watu weusi kwenye majaribio hayo walikuwa wachache mno.

"Mama yako amevuka hatua hiyo," daktari alisema. "Hata mkiuza viwanja vitatu, mtakuwa mnanunua dawa ambayo haikujaribiwa kwa mtu wa hali yake."

Usiku ule staa na kaka yake waliongea saa mbili. Kaka alikuwa mkali mwanzoni, akasema dada ameshakata tamaa. Baadaye akanyamaza, kisha akasema kitu ambacho hakuwahi kukisema: kwamba kazini kwake hao wazee wa Kimarekani, wenye bima na watoto wenye magari makubwa, nao wanasahau majina ya watoto wao. Anawaona kila siku. Alitaka tu kuamini kwamba kwa mama itakuwa tofauti.

Ukifuatilia historia ya tafiti hizi utaona kwa nini wataalamu hawana haraka ya kushangilia. Kati ya mwaka 2002 na 2012 yalihesabiwa majaribio 413 ya dawa za Alzheimer, yakihusu dawa 244 tofauti. Iliyopata kibali ni moja tu, memantine. Mwaka 2010 dawa moja iliyokuwa na matumaini makubwa, semagacestat, ilisimamishwa katikati ya jaribio kwa sababu waliokuwa wanaitumia walikuwa wanazidiwa kuliko waliopewa kidonge kitupu. Fikiria isingejaribiwa, ikaingia sokoni kwa ushuhuda wa kwenye kochi.

Hata Ozempic, ile sindano ya kupungua inayotajwa kila saluni, ilihusika. Kiambato chake, semaglutide, kilijaribiwa kwa njia ya kidonge kwa watu zaidi ya 3,800 wenye Alzheimer ya mwanzo. Novemba 2025 watengenezaji wenyewe, Novo Nordisk, wakatangaza kwamba haikupunguza kasi ya ugonjwa.

Sasa mama akarudi nyumbani na nini? Kwanza alipimwa vitu vinavyoweza kuleta usahaulifu halafu vikatibika: vitamini B12, tezi ya shingo, maambukizi, sukari, msongo. Kisha daktari akauliza dawa zote zilizoko nyumbani, hata za dukani. Staa akataja Piriton, ambayo alikuwa akimpa mama karibu kila usiku alale, naye apate kutoka kwenda kazini. Daktari akaweka kalamu chini. Dawa za mafua na mzio za aina hiyo ya zamani, zile zinazoleta usingizi, huzuia kazi ya kemikali ya ubongo inayoitwa asetilikolini, na kwa wazee zinaweza kuwavuruga zaidi. Piriton ikasimamishwa siku hiyohiyo.

Baada ya kusikiliza mapigo ya moyo, daktari akamwandikia donepezil. Hiyo si mpya, ilipata kibali Marekani mwaka 1996, na kazi yake ni kuifanya asetilikolini iliyobaki idumu zaidi. Haiponyi wala haizuii ugonjwa kusonga. Kwa baadhi ya wagonjwa inaleta unafuu mdogo kwa muda, kwa wengine inaleta kichefuchefu na kuharisha. Daktari alisema wazi: watajaribu, na isiposaidia wataiacha. Safari hii aliyepewa kazi ya kuandika ni yule binti, kwenye daftari la shule, kila jioni: amelala saa ngapi, amekula nini, ameuliza nini, amegombana na nani.

Kisha akawasimulia cha Hai, Kilimanjaro. Watu wengi wa mjini hawajui kwamba wilaya hiyo imefanyiwa baadhi ya tafiti muhimu za ugonjwa huu Afrika Mashariki. Huko watafiti walikuta kwamba katika kila wazee 100 wenye miaka 70 na zaidi, kama 6 hivi wanao. Na huko huko ikajaribiwa tiba isiyo na kidonge: wazee 34 walikaa kwenye vikundi, vikao 14 ndani ya wiki 7, wakiongea mambo ya zamani, wakitaja vitu, wakiimba, wakifanya kazi za mikono. Kumbukumbu na wasiwasi vikaonyesha nafuu. Ni watu wachache na si muujiza, lakini ni kitu ambacho nyumba yenye kitenge na sindano inaweza kukifuata. Sasa kila asubuhi mama anapewa kipande cha kitambaa akunge pindo. Akimaliza, binti anakifumua jikoni, kesho anapewa tena.

Dili lilikufa. Meneja alikasirika, akasema mjini hakuna mtu anayekataa milioni nane kwa sababu ya kikopo. Ile nusu iliyotangulia ilikuwa imeshaliwa na kodi, kwa hiyo inarudishwa kidogo kidogo, kila harusi inakatwa. Vidonge vilipata staa mwingine ndani ya mwezi huohuo. Tangazo liko hewani na wafuasi wanamtagi huyu dada: "Mjaribishie mama, utakuja kunishukuru." Yeye hajibu. Anajua wengi wanaoandika hivyo wana mtu wao nyumbani.

Lakini kuna jambo lilitokea kliniki ambalo hakulitarajia. Wakiwa wanaaga, daktari alimwambia akae, akamfunga kile kitambaa cha presha mkononi. Ana miaka 36. Mashine ikasoma 152 kwa 98. Akaambiwa arudi mara mbili zaidi, na mara zote ikawa juu.

Daktari akamweleza utafiti wa China uliochapishwa mwaka 2025. Vijiji 326, watu karibu 34,000 wenye umri kuanzia miaka 40 na presha ya juu. Kwenye nusu ya vijiji, wahudumu wa afya wa kijijini waliwafuata watu mpaka presha ikashuka vizuri, kwa vidonge vya kawaida vya bei nafuu. Vijiji vingine viliendelea na huduma ya kila siku. Baada ya miaka 4, ugonjwa wa kusahau ulikuwa umepungua kwa asilimia 15 upande wa waliofuatiliwa. Presha ikiwa juu kwa miaka mingi huharibu mishipa midogo ya ubongo, na uharibifu huo huanza zamani, mtu akiwa bado anacheza harusini.

"Dawa unayomtafutia mama yako," daktari alimwambia, "nyingine ni yako."

Kwa hiyo siku hizi kwenye meza ya jikoni Mbezi kuna vidonge vya watu wawili: donepezil ya mama, na kidonge cha presha cha binti, pembeni ya daftari. Kaka alipigiwa simu Minnesota akaagizwa na yeye apime. Alikuta iko juu.

Na wewe unayesoma hapa, ukiwa na miaka 28 au 35, mama akiwa kijijini au chumba cha pili, mzazi akianza kupotea njia mpeleke akapimwe kabla hujaagiza chupa. Uliza kila kidonge anachokunywa, hata cha mafua. Halafu jibu hili kwanza: mara ya mwisho kupima presha yako ilikuwa lini?